Kamba ya Maziwa

Kila asubuhi Élise alifagia uwanja, akachota maji, kisha akanywa uji peke yake, kwa maana mama yake alikuwa ameshakwenda kuuza mihogo sokoni. Tangu wahamie Bunia kutoka Irumu, hata shuleni alikuwa peke yake. Wenzake walijuana tangu utotoni. Yeye rafiki yake alikuwa ukuta wa darasa. Upweke ulimuuma sana, ila hakumwambia mtu.

Jioni alimngojea mama yake katika duka la vitenge la Madame Hansa, mjane wa Kihindi ambaye wanawe walikuwa ng'ambo. Madame alimpa chai ya maziwa na, Élise alipomwuliza, alimsimulia mambo ya dini yake ya Kihindu.

"Zamani mungu Vishnu alikuwa analala juu ya maji," alisema. "Ua likatoka mu kitovu chake, na mu ile ua akazaliwa Brahma, akaumba dunia. Kisha miungu na majitu wakapekecha bahari ya maziwa. Mlima ulikuwa mti wa kupekechea, nyoka akawa kamba. Hawa wakavuta huku, hawa kule. Mara Lakshmi, mungu mwanamuke, akatoka! Akawaangalia wote, akamuvalisha Vishnu shada la maua. Alijichagulia bwana mwenyewe. Mimi nilichaguliwa bwana!" Akacheka, kisha akatazama mlango.

Siku moja Maître Félicien, mwalimu wao, aliagiza kila mwanafunzi asimulie hadithi ya mwanzo wa dunia aliyopewa na koko yake, yaani bibi au babu. Koko wa atakayewashinda wengine angealikwa shuleni Ijumaa.

Bibi yake Élise alikufa kabla yeye hajazaliwa. Hata hivyo, zamu yake ilipofika alisimama.

"Koko yangu alinisimulia," alianza, akayaficha majina ya miungu. Alipofika penye bahari ya maziwa, darasa zima lilimtazama kwa mara ya kwanza. Moyo wake ulijaa furaha.

Constant, ambaye kwao walifuga ng'ombe, akainua mkono.

"Maître, kamba ya nini? Siye tunatikisaka maziwa mu kibuyu. Koko yake anafungaka maziwa kamba sawa mbuzi?"

Darasa likaangua kicheko.

"Nyamazeni!" mwalimu alisema. "Hadithi hii imeshinda zote. Élise, Ijumaa umulete koko yako, atuonyeshe ile kamba."

Jioni hiyo chai ya Élise ilipoa bila kuguswa. Angemtoa wapi bibi? Mwishowe machozi yalimtoka.

"Madame, niliiba hadithi yako. Nilisema ni ya koko yangu."

Madame Hansa alikunja kitenge polepole.

"Miaka makumi mawili niko hapa," alisema. "Watu wananiulizaka bei tu. Weye peke yako uliniuliza hadithi. Sasa mbona ulinificha?"

Maneno hayo yalimchoma Élise kuliko kiboko.

"Nilitaka wanipende. Nisamehe, Madame."

"Nimekusamehe. Lakini kule shuleni utasema weye mwenyewe. Mimi nitabeba kamba."

Ijumaa Madame alifika amevaa sari, amebeba chungu cha maziwa ya kuganda na mti wa kupekechea aliorithi kwa mama yake, umezungushiwa kamba. Élise alisimama mbele ya darasa.

"Huyu si koko yangu. Koko yangu alikufa. Hadithi ni ya Madame Hansa, inatoka mu dini yake. Nilidanganya."

Hakuna aliyecheka. Madame akamwita Constant ashike ncha moja ya kamba, Élise nyingine. Huyu akavuta, yule akavuta, mti ukazunguka mpaka vidonge vyeupe vikaelea juu.

"Ah! Ni siagi sawa ya kwetu!" Constant alishangaa.

Maître Félicien alimshika Élise bega. "Njia ya mwongo ni fupi, watoto; hii iliishia kwenye kamba. Kusimulia hadithi ya mwenzako si kosa. Kosa ni kumuficha mwenye hadithi. Élise alitafuta rafiki kwa uongo, na uongo ukataka kumunyang'anya hata yule mumoja aliyekuwa naye. Semeni kweli, hata kama mnaogopa kuchekwa."

Jioni hiyo Constant alifika dukani na kibuyu cha kwao, ili Madame naye ajifunze kutikisa. Ikabidi Madame Hansa atafute kikombe cha tatu, na alikitafuta muda mrefu, kwani kilikuwa nyuma kabisa ya kabati, kimejaa vumbi.