Mzee wa Sebuleni kwa Lugano

Sahani ilirudi haijaguswa, lakini chumvi haikuwemo tena.

Elina aliionja palepale jikoni, maana si mtu wa kutupa chakula. Mbalaga alizipika mwenyewe, ndizi na maharage, akatia chumvi, akatia mafuta, akaramba mwiko, zikawa tamu. Akaziweka kizingitini pa sebule. Sasa sahani imejaa vilevile, na mdomoni ni kama kutafuna pamba iliyoloa.

"Baba mkwe amenikasirikia," akajisemea, akala hivyohivyo.

Msimcheke. Elina ni mtoto wa Lupepo, kwa watu wanaoshika ya zamani. Kwao mkamwana haonani na baba mkwe. Akisikia kikohozi chake anatokea mlango wa nyuma. Akikutana naye njiani anaingia migombani, anajifunika kitenge mpaka apite. Wasichana wa siku hizi wanakaa na wakwe zao kochi moja wanaangalia tamthilia, haya, Elina hapana. Kwa hiyo mzee alipoanza kuja kila siku pale kwao Mpuguso, anakohoa sebuleni alikokaa mumewe Lugano na kompyuta yake, Elina alihamia jiko la nje, akawa anamjua kwa sauti tu.

Na huyo Lugano, kazi yake watu waliisema mpaka wakachoka. Halimi, halewi, hatoki. Alikuwa ametengeneza programu, na programu hiyo kazi yake ni kupika programu za wengine. Unaandika ya kwako mara moja, unaitia humo, inakutolea moja ya simu, moja ya kompyuta za ofisini, moja ya zile mashine kubwa zisizozimwa, zote zinafanya kazi. Aliiacha wazi, kila mtu aichukue bure, aone ilivyo ndani, arekebishe akitaka. Dunia ikaichukua. Kisha dunia hiyohiyo ikaanza kumlalamikia: huku imegoma, kule imevunjika, wewe Lugano umelala? Mtu mmoja, na wote wale.

Akachoka. Asubuhi moja ya ukungu akaandika mtandaoni, pale wanapoandikiana watu wa programu hiyo: Nimeelemewa. Anayeweza kunisaidia aingie tu, asibishe hodi.

Akaingia mmoja. Hakutaja jina wala kwao. Marekebisho yake yalikuwa safi, hata yale yaliyomtoa Lugano jasho mwaka mzima yalinyooka. Kwa furaha Lugano hakumwuliza ni wa kwa nani, swali ambalo huku kwetu hata muuza sumu ya panya anaulizwa. Akampa funguo zote za programu, aingize atakacho bila kuomba.

Wiki hiyo ndipo mzee alipoanza kuja.

Lugano akaanza kukonda. Mvi zikamtoka kisogoni, kijana wa watu. Ukimsalimia anachelewa kujibu, kama anasubiri aruhusiwe. Na sebuleni kukawa na harufu, nywele zilizoungua na maji yaliyolala mtungini.

Siku ya gulio Kyimo, Elina akamkuta mama mkwe wake, Esnath, anapanga maparachichi.

"Mugonile, mama."

"Ndaga, mwanangu. Mbona umekauka hivyo? Au ndiyo mambo yenyewe?"

"Hakuna mambo, mama. Naomba uniombee msamaha kwa mzee. Kila siku nampikia, hali."

Esnath akabaki na parachichi mkononi. "Mzee yupi?"

"Baba. Si anashinda kwetu?"

"Elina, mzee wangu Anyitike hajatoka kitandani tangu avunjike nyonga. Chooni nampeleka mimi, na matusi yake yote. Lugano hakukwambia? Nilimpigia, akasema 'ndiyo', akakata."

"Sasa mama," sauti ya Elina ikawa ndogo, "nyumbani kwangu kuna nani?"

Esnath alianza kurudisha maparachichi kwenye kikapu, yote, na gulio ndiyo kwanza linachangamka.

Elina alirudi na ukungu umeshuka mpaka chini, mchana lakini taa za watu zimewashwa, na alipofika uani akakisikia kile kikohozi, akasikia fimbo ikigonga sakafu na vitufe vya kompyuta vikilia haraka kuliko vidole vya mtu vinavyoweza, akataka kukimbilia jikoni kama alivyozoea, ila miguu ikampeleka mlangoni, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akainua macho kutazama mahali ambapo baba mkwe amekaa, akamwona mumewe kwenye kiti amefumba macho, amelala, mikono iko juu ya vitufe, na juu ya mikono ile mikono mingine, mirefu, ya rangi ya majivu, ya mtu aliyeinama nyuma yake na kidevu amekiweka begani kwa Lugano kama mama anayemwongoza mtoto kuandika.

Kitu kile kikageuza shingo taratibu.

"Mkamwana," kikasema, "tangu lini unaniangalia?"

Na Elina, Mungu amsamehe, aliona aibu kabla ya kuona hofu.

Wazee wa kanisa walikuja wakaomba, wakaimba. Kilinyamaza wakiwepo, walipofika barabarani kikakohoa. Ndipo akaitwa Bi Hajira, mwenye duka la vitenge Tukuyu mjini, anayejua kusema na majini. Akafukiza ubani, akasoma, akamshika Lugano kichwa. Mdomo uliofunguka ulikuwa wa Lugano. Sauti haikuwa yake.

"Nani kakuleta?" Bi Hajira akauliza.

"Mwenye nyumba. Alisema niingie, nisibishe hodi. Akanipa funguo. Nimeiba nini?"

"Unamla mtoto wa watu."

"Namfanyia kazi. Wewe unafanya kazi bila kula?"

"Tumnyang'anye hizo funguo," Elina akanong'ona.

Ile sauti ikacheka kidogo. "Alishaninyang'anya juzi. Nimetoka? Nimo kila pembe ya kazi yake. Akimkabidhi mwingine, naifuata kazi. Asipokabidhi, namaliza huyu."

Bi Hajira akafunika chetezo. Nje akamvuta Elina karibu. "Binti yangu, huyu hakuvamia, aliitwa. Aliyeitwa hatoki kwa moshi. Kabla mvua hazijakatika mtazika."

Wa kukabidhiwa alikuwepo. Fahadi, kijana wa Lindi, alikuwa akiandika kila mara: kaka, ukichoka nipe mimi, nitaitunza. Lakini Lugano, katika dakika zake za akili, alikataa.

"Ana mtoto mchanga, Elina. Nikimpa, nimewaua."

"Na mimi? Mimi unanipa nini?"

Lugano akalaza kichwa mezani, akalala.

Elina alimtazama ile shingo, jinsi ilivyokuwa nyembamba. Kidato cha nne alimaliza, na nywila ya mumewe anaijua, mke gani asiyeijua? Akavuta kompyuta upande wake. Akatafuta pa kukabidhi kazi, akapapasa, akaandika jina la Fahadi, na kompyuta ikamwuliza kama ana hakika, na akiwa anasoma swali lile akahisi pumzi baridi kisogoni ikija na kurudi bila haraka, bila kumgusa, ikisubiri kwa adabu kama mgeni anayesubiri kusindikizwa, na mvua ikaanza kupiga bati, na mtoto ambaye hajawahi kumwona akamjia akilini, akamfukuza, akamtazama tena mumewe, akabonyeza.

Kiti kikalia. Fimbo ikagonga sakafu ikielekea mlangoni. Elina akageukia ukuta, akajifunika kitenge usoni, akakipisha.

"Ndaga, mkamwana," kikashukuru, kikapita.

Lugano aliamka jioni ile akadai chakula, akala kama mtu aliyetoka kulima. Hakukumbuka mengi. Akauliza kazi imekwendaje. Elina akamwambia imekufa yenyewe.

Kesho yake ukaja ujumbe wa sauti kwenye simu ya Lugano, naye yuko bafuni anaoga. Ulikuwa wa Fahadi. Nyuma yake kichanga kinacheka. "Kaka, sijui nikushukuruje. Nimemwita mke wangu aje aone. Na shemeji msalimie. Siku yoyote karibuni sana kwetu, nyumba ni yenu."

Elina akausikiliza mpaka mwisho. Akaufuta, akamzuia Fahadi asipige tena, akaenda kumtengea mumewe chai.