Kasereka, Mashini ya Tatu

Hii haikufika kwangu. Ilifikia rafiki yangu Vagheni, kwake mu mtaa wa Bungulu.

Chefu wake wa kazi, wa Oicha, alimupatia kazi ya kuchora ramani ya mashamba ya kakao, na programu yake ilikuwa ya zamani sana. Kompyuta ya Vagheni iliikataa. Donc akatengeneza mashini ingine ya kuigiza, haina chuma, ndani ya ile kompyuta, yenye sisteme yake ya zamani. Aliipatia jina Paluku, sawa vile kwetu tunaita kijana wa kwanza kuzaliwa, yaya, ni kusema mkubwa ya wote. Paluku ikawaka, mais programu ikakataa tena. Akatengeneza ya pili, Kambale, jina ya kijana wa pili. Hiyo ilikuwa mateso! Unaandika, inabloka, inaganda tu. Unazima, unawasha, inabloka.

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na nyumba ilikuwa giza mchana kweupe. Bibi yake Joyeuse, mama ya mtoto wao Jordy, akamuambia, "Papa Jordy, achana nayo kwanza."

"Hapana! Kambale imenichosha. Naiua leo!"

Akaifuta, ikapotea na vyote vya ndani. Kiisha, na hasira yake yote, akatengeneza ya tatu, Kasereka, jina ya kijana wa tatu. Ilikuwa tupu: hata sisteme hakuweka bado. Akaiwasha tu, aone.

Courant ya umeme ikakatika. Kompyuta ikabaki na batri yake. Feni yake ikaanza kuvuta hewa na kuachilia, polepole, sawa mutu iko nalia kimya. Kwenye ekran, kioo nyeusi ya Kasereka, herufi zikatokea moja moja:

"Yaya yangu Kambale iko wapi?"