Nyuma ya Karatasi ya Spoku

Dadu iligonga meza mara tatu, na wachezaji walikuwa wawili.

Dada aliinua macho kutoka kwenye daftari. Upande mmoja wa meza ya kukatia nguo alikaa mdogo wake, fundi baiskeli aliyeitwa Spoku na mtaa mzima. Upande wa pili alikaa Kitinda, mziwanda wao. Dadu ilikuwa moja tu, na ilikuwa mkononi mwa Kitinda.

"Nani ametupa tena?"

"Mimi nimetupa, Kaka katupa, basi," alisema Kitinda.

"Ni mvua hiyo, inagonga bati," alisema Spoku. "Endelea, Dada, kabla Mama hajadai meza yake."

Mchezo ule aliutunga marehemu baba yao. Msimulizi mmoja alieleza safari, na kila mchezaji alikuwa na karatasi ngumu ya kukatia mitindo iliyoandikwa jina, nguvu na hesabu ya pumzi zake. Mchezaji aliyeishiwa pumzi alitupa dadu mara tatu. Nne kwenda juu ilikuwa njema, na njema mbili zilimwinua. Lakini wapishi, askari na wapita njia, wale Baba aliowaita watu wa pembeni, hawakuwa na karatasi. Walisema kile tu msimulizi alichowasemea, na wakiishiwa pumzi, wamekwisha. Katika daftari, Baba aliandika sababu chini ya kila kanuni, isipokuwa moja, ambayo aliipigia mistari miwili: Mtu wa pembeni hapewi karatasi.

Jumamosi iliyotangulia walikuwa wameivunja.

Palikuwa na bawabu mzee katika mchezo, mwenye sentensi moja tu maishani mwake: "Mlango huu haufungwi kwa ndani." Baba aliisema kwa sauti nzito iliyotoka mbali, watoto wakacheka huku wameziba masikio. Ajabu ni kwamba mlango wa kweli Baba hakuukaribia. Hodi ikipigwa alituma mtoto, akisema miguu yake imestaafu. Basi mkuki ulipompata bawabu, Kitinda alianza kulia.

"Mtupie, Dada. Huyu ndiye Baba aliyetubakia."

Dada naye moyo ulimlegea. Ili bawabu atupe, alihitaji karatasi, na katika nyumba ya fundi cherehani hakuna anayekata karatasi mpya wakati nyingine ina upande mweupe. Aliigeuza karatasi ya Spoku, akaandika nyuma yake: Bawabu, pumzi nane. Dadu ikaleta sita, sita, sita. Walikumbatiana.

Sasa, mvua ikinyesha, Dada aliigeuza tena karatasi ile. Pumzi za bawabu zilikuwa kumi na mbili. Upande wa mbele, pumzi ishirini za Spoku zilikuwa kumi na sita.

"Kitinda, acha mzaha na penseli."

"Sijaigusa, Dada. Haki ya nani."

Jumatatu Spoku hakwenda gereji. Alisimama mlangoni pa duka la Mama tangu asubuhi, mikono ubavuni. Mteja aliyeleta gauni la kupunguza kiuno aliambiwa kwa upole, "Karibu, fundi yuko ndani." Aliyefuata aliambiwa hivyo hivyo.

"Mwanangu kaachwa na mchumba, sasa anaoa mlango," alisema Mama, akitema uzi. "We Spoku, umekula?"

"Karibu, fundi yuko ndani," alijibu Spoku.

Mteja alicheka. Mama hakucheka.

Jumanne walimpeleka kwa daktari. Damu safi, alisema, ila moyo unapiga polepole, apumzike. Walimlaza, wakampa kisogo, naye akarudi mlangoni. Harufu ikaingia nyumbani, harufu ya komeo la chuma lililolowa miaka mingi, ikakaa zaidi penye kiti cha Spoku. Hakuna aliyekikalia, lakini kilikuwa cha moto, na mchana kweupe kililia kama kiti kinavyolia mtu mzito akijiweka sawa. Mbele ya karatasi palisomeka tisa. Jumatano palisomeka nne.

"Amekuwa mtu wa pembeni, Dada," alinong'ona Kitinda jikoni. "Hasemi mpaka asemeshwe, na anachosema ni kimoja. Yule mwingine ndiye mchezaji sasa."

"Nyamaza."

"Akifika sifuri hatatupa dadu. Wao hawatupi."

"Nimesema nyamaza, mdogo wangu. Unadhani mimi sihesabu?"

Alhamisi alasiri Spoku alianguka pale pale mlangoni, bila kelele, kama shuka lililoteleza kwenye kamba. Walimbeba wakamlaza juu ya meza ya kukatia. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Mbele ya karatasi palikuwa na mbili.

Dada alishika kiberiti. Kitinda akamdaka mkono.

"Ukiichoma, unachoma pande zote."

Basi Dada alichukua kifutio, akalisugua jina la bawabu, na kadiri alivyosugua ndivyo Spoku alivyogumia kama anayechunwa ngozi, na jina likafifia, likarudi jeusi kuliko lilivyokuwa, na Dada akasugua tena huku machozi yakimdondoka juu ya karatasi na Kitinda akimvuta bega na kumwomba aache, mpaka wote wawili wakasikia, kutoka kwenye kiti kitupu, mtu akishusha pumzi ndefu ya kushiba, na sauti ambayo maisha yake yote ilikuwa na sentensi moja ikaanza kusema nyingine.

"Nimesimama sana mlangoni. Baba yenu alininyima kiti. Ninyi mmenipa. Nani anatupa sasa? Ni zamu yangu."

Mama alikuwa amesimama kizingitini, tepu ya kupimia shingoni. Mchezo ule alikuwa akiuita upuuzi tangu siku za uchumba. Safari hii hakusema hivyo. Alikuja, akaichukua karatasi, akaitazama mbele na nyuma.

"Nani kaandika pande zote mbili?"

"Mimi, Mama."

"Nilikufundisha kubana karatasi. Sikukufundisha kulaza watu wawili kitanda kimoja." Aliipinda kona, akaisikiliza. "Kitinda, lete maji. Dada, wembe wangu wa kufumulia."

"Mama, itachanika."

"Miaka yote mnaikata, hamjui hata ilivyo. Hii ni karatasi mbili zilizogandishwa kwa gundi."

Alilowesha ukingo, akaingiza wembe katikati kama anayefumua pindo la gauni la bibi harusi, taratibu, uzi kwa uzi. Kiti kikaanza kutikisika. Dadu ilijiinua mezani ikaanguka, ikajiinua ikaanguka, na kila ilipoanguka ilileta sita, na kwenye karatasi ya Spoku pumzi mbili zikawa moja, na Dada akalia kwamba haraka, Mama, haraka, na Mama akajibu bila kuinua kichwa kwamba mshono wa haraka ndio unaochanika, na jasho likamtoka puani likadondokea kwenye jina la mwanawe, na wembe ukaenda, ukakwama, ukarudi, ukaenda.

Karatasi ikawa mbili.

Mama alifungua pasi ya mkaa iliyokuwa ikisubiri sketi za shule, akatia ya bawabu juu ya makaa, akabana kifuniko. Ndani ya pasi paligongwa. Paligongwa kwa adabu, kama mgeni, kisha kwa ngumi. Harufu ya komeo ilitoka matunduni. Halafu pakanyamaza.

Kwenye karatasi ya Spoku palikuwa na sifuri.

"Sasa ni mchezaji," alisema Kitinda. "Anatupa."

Aliiweka dadu katika kiganja cha kaka yake, akakiinamisha. Mbili. Mbaya. Akakiinamisha tena. Tano. Njema. Mara ya tatu dadu ilibingirika, ikatoka mezani, ikapotea chini ya cherehani. Wanawake watatu walilala kifudifudi sakafuni kati ya vipande vya nguo na pini. Dadu ilisimama karibu na kanyagio.

Nne.

Juu yao mtu alikohoa.

"Nani kamwaga maji mezani?" alisema Spoku. "Nguo za watu hizi."

Mama alikaa sakafuni akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Wiki mbili zilipita. Spoku alirudi gereji, akalaumu malaria. Dada alifunga daftari na dadu ndani ya mfuko, akauweka juu ya kabati, akaapa hatasimulia tena. Asubuhi moja alikuwa akikata kola, Kitinda akishona vifungo, Mama akiwa kwenye cherehani amewapa mgongo. Hodi ikapigwa. Dada alifungua kinywa aseme karibu.

"Mlango huu haufungwi kwa ndani," kilisema kinywa chake, kwa sauti nzito iliyotoka mbali.

Mkasi ulimponyoka. Alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Aliyeandikwa alichomwa, akarudi kuwa wa pembeni. Na wa pembeni husemewa na msimulizi.

Mama alisimamisha cherehani. Sauti ile aliishi nayo miaka ishirini na sita ya ndoa.

"Kitinda," alisema taratibu, bila kugeuka, "kuanzia leo, hodi ni zako."