Kadi Kuukuu ya Rosario

Haya Ulises alinisimulia huku akitema mate. Yeye husimamia programu huria ya kuendesha mashine za kuchonga vyuma. Aliuliza mtandaoni nani bado anatumia kadi za kielektroniki za kizamani za kuongozea mashine hizo. Hakujibu mtu, basi toleo jipya la programu likaacha kuzitambua.

Doña Herminia, mjane wa fundi mchonga vyuma aliyezikwa na grisi nyeusi kuchani, akampigia simu kutoka mji wa Rosario.

"We Ulises, umeniulia mashine inayonilisha! Huo mtandao wako mimi nausoma saa ngapi?"

Ulises akaenda kumfungia kadi mpya saa ya usingizi wa mchana. Karakana ilikuwa giza tororo, madirisha yote yamefungwa, na maji ya kupozea mashine yalinuka mzoga. Akachomoa waya wa umeme, akang'oa kadi kuukuu. Akiwa nayo mkononi, mashine ikaanza kuchonga: krr, krr, krr.

"Si hiyo inafanya kazi?" akasema mjane.

Ulises akamulika tochi. Kilichokuwa kikidondoka si chuma. Zilikuwa kucha za mtu, zimelowa, na grisi nyeusi ingali imeganda ndani yake.