Nta ya Likwata

Basi liliposimama Somanga, abiria walikimbilia samaki wa kukaanga, isipokuwa Mwahija, aliyebaki ngazini akigomba peke yake. Tangu Dar es Salaam kulikuwa na kitu kirefu kama mlango kimelazwa kwenye njia katikati ya viti, kimevikwa mfuko wa turubai, na kila aliponyoosha miguu alikutana nacho. Miguu yenyewe ilikuwa imevimba. Miezi mitatu alikuwa akimuuguza dada yake, na sasa alichokitaka duniani ni kulala chali mahali pasipo na mtu wa kumwita. Alivaa dera la rangi ya bilinganya, jipya kabisa, shukrani ya dada, na zipu ya ule mfuko ilikuwa imeshalirarua pindo.

"Mwenye jeneza hili ni nani?" aliuliza.

Mwanamume mmoja aligeuka na kipande cha nguru mdomoni. Alikuwa mrefu, mvi zimemwanza juu ya masikio, tena kavaa kaptula. Mtu wa umri ule huvaa kaptula akiwa mgonjwa, au akiwa anajijua ana miguu mizuri. Huyu hakuwa mgonjwa.

"Si jeneza, dada. Ni ubao wa kupandia mawimbi."

"Mawimbi nayo yanapandwa?"

"Yanapandwa, yakikukubali."

"Na dera langu, nalo limekukubali?"

Yule bwana alilitazama pindo, akaitazama na ile miguu. Alirudi kwa muuza samaki, akaleta nguru wa moto kwenye karatasi, na ndimu, na kiti cha plastiki alichokiazima kwa mama wa mayai. Mwahija alikuwa bado na maneno mengi ya kusema, lakini huwezi kugomba vizuri ukiwa umekaa na mdomo umejaa.

Aliitwa Likwata, Mmwera wa bara ya Lindi, kwao walima korosho. Mchezo wa mawimbi aliujulia Unguja, alikokuwa akifagia ufukwe wa hoteli, mpaka Wazungu wakachoka kumwona anawatazama wakampa ubao ajaribu. Kumbe walikuwa wakienda mahali pamoja. Mwahija alikuwa mfuaji wa shuka katika nyumba ya wageni kule Kilwa Masoko, mwaka wa tisa huo. Likwata alikuwa anakwenda kujaribiwa miezi miwili, na akimpendeza Debora, mwenye nyumba, angeajiriwa moja kwa moja kuwafundisha wageni.

Mapenzi ya watu waliochoka hayana mbio. Likwata alianza kwa kumsaidia kuanika shuka, kwa kuwa yeye kamba aliifikia bila kusimama kwa vidole. Mwahija alimwita Mheshimiwa Kaptula. Baada ya isha walipigiana simu, kila mtu chumbani kwake, na haikupita robo saa kabla mmoja hajaanza kukoroma. Asubuhi walilaumiana kwenye karai la sabuni.

"Jana uliniacha hewani, bibie."

"Sikukuacha. Nilikuwa nakusikiliza unavyokoroma. Una sauti nzuri ukinyamaza."

Likwata alikuwa na jambo moja kichwani. Siku atakayoajiriwa, angetuma wazee Rasbura, mjini Lindi, kwa baba mdogo wa Mwahija kupeleka posa. Alilitamka Alhamisi mchana, palepale penye karai, na Mwahija akiwa amekumbatia shuka za vyumba vyote zenye mchanga. Mwahija alikwisha olewa mara mbili. Wa kwanza alimwacha kwa ujumbe wa simu, wa pili hata ujumbe hakuandika. Neno posa lilimshtua, na mgongo ulikuwa unamuuma.

"Tusubiri kidogo, Likwata," alisema. "Nimechoka."

Alikuwa anazisema shuka. Labda, kidogo sana, aliwasema na wanaume. Likwata aliitikia kwa kichwa, akaondoka. Usiku ule simu haikulia.

Basi Ijumaa Mwahija aliamka na deni la moyo. Likwata alipokwenda msikitini, ubao wake ulikuwa umeegemezwa ukuta wa chumba cha kufulia. Mwahija aliuona kwa mara ya kwanza bila mfuko wake, akasikitika. Mgongo mzima ulikuwa umejaa vidongevidonge vya kijivu, vinanata, vimeshika mchanga na nywele za miguu. Kesho Debora anakuja kumwona Likwata akipanda mawimbi, na chombo chake kiko hivi. Ulimi wake ulikuwa umeshindwa kuomba radhi. Aliona aitume mikono.

Na mikono ya Mwahija ilikuwa na malezi. Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mashua kijijini Sudi, na kule chombo kikishapigwa kalafati, yaani kuzibwa nyufa kwa pamba, husuguliwa, kikapakwa sifa, yale mafuta ya papa, mpaka mbao zishibe. Mashua kavu watu huisema, na mke wa mwenye mashua husemwa zaidi. Basi Mwahija alikwangua vile vidonge kwa kijiko. Akamwagia maji ya moto, akasugua kwa dodoki na sabuni ya unga. Sifa inanuka na wageni wana pua, kwa hiyo alipaka mafuta ya nazi, mara tatu, mpaka ukawa unaweza kuutazama ubao ule ukajipaka wanja. Kisha akaurudisha kwenye mfuko wake, akafunga zipu, akaenda kulala kwa mara ya kwanza wiki ile bila mawazo.

Jumamosi Debora alifika na miwani nyeusi na wageni sita. Likwata aliufungua mfuko pale pale ufukweni, akapapasa ubao, akasita. Lakini Debora alikuwa ameshatazama saa mara mbili, na akiba ya nta ya Likwata ilikuwa chumbani kwake, mjini. Akaingia majini. Wimbi la kwanza alisimama kiasi cha mtu kusema bismillahi. La pili hakusimama. La tatu lilimrudisha na nyusi imechanika. Wageni walimpigia makofi ya huruma, ambayo ni mabaya kuliko kuzomewa. Debora alisema kwa upole kwamba yeye anatafuta mwalimu anayeweza kusimama, akaingia ndani kunywa chai.

Likwata alikuja chumba cha kufulia, damu inamtiririka hadi kidevuni.

"Nani ameushika ubao wangu?"

"Mimi," Mwahija alisema, na bado alikuwa akitabasamu, maana pale kufulia hakuona lolote lililotokea baharini.

"Umeupaka mafuta."

"Nimeupaka."

Likwata alijifuta damu kwa kiganja. "Kama hunitaki, ungesema tu, Mwahija. Kumbe ile 'nimechoka' ndiyo hii."

Hapo ndipo pa kujieleza. Lakini Mwahija alikuwa ameinama juu ya karai tangu alfajiri, na ile shutuma ilimkuta mahali pabaya. Aliendelea kukamua shuka ileile mpaka ikakauka mikononi, na alipoinua uso Likwata hakuwepo. Ubao aliuacha. Jioni aliambiwa kapanda gari la Lindi.

Aliyemfumbua macho ni mzee Kondo, mlinzi wa lango. Mwahija alimwamkia shikamoo kwa sauti ya kuumwa, mzee akaitikia marahaba, akamuuliza kwa nini aliukwangua ubao. Alikuwa akimwona Likwata kila asubuhi, Mwahija akiwa ndani analoweka nguo, anausugua ubao kwa kipande cha nta, taratibu, kama mtu anayekuna mgongo wa mtoto. Ile nta ndiyo inayoshika miguu. Bila nta ule ni utelezi mtupu juu ya utelezi.

"Ulichokitoa siyo uchafu, mwanangu," alisema mzee Kondo. "Umemvua mtu viatu akiwa kwenye miiba."

Mwahija alipiga simu mara nane. Haikupokelewa. Aliandika kwamba amekosea, na kosa lenyewe halikuandikika likaeleweka. Ndipo akaamua kwamba akiwa ameitoa nta, ataitia.

Shemeji yake mzee Kondo alikuwa na mizinga ya nyuki upande wa Nangurukuru, akaleta bonge la nta la manjano. Mwahija aliliyeyusha kwenye sufuria bovu, akausugua ubao, akaulaza kwenye mchanga, akaumwagia maji ya bahari, akafunga dera kiunoni na kupanda. Akaanguka. Nta peke yake ilikuwa ngumu kama mshumaa. Mafuta sasa aliyaogopa. Akakumbuka ulimbo, ule utomvu wanaonasia ndege, mzee Kondo akamgemea, yeye akauchanganya na nta. Mara ya pili alizidisha, kandambili zikabaki juu ya ubao na yeye akaenda chini. Siku nne alifua mchana, na jioni akaanguka. Wageni walidhani ni ngoma ya kwao.

Siku ya tano mzee Kondo, bila kumwambia mtu, alimpigia Likwata kwa simu yake mwenyewe, akamwambia aje kuondoa ubao wake, unajaza nafasi. Likwata alifika asubuhi ya pili, kachoka kwa safari, plasta ya nyusini imekunjamana. Alimkuta Mwahija amesimama juu ya ubao, maji yanampita vifundoni, mikono ameitawanya. Hakuteleza.

"Unasugua kwa kwenda na kurudi," Likwata alisema nyuma yake. "Inasuguliwa kwa duara, ndogondogo, ndipo vidonge vinasimama."

Mwahija hakugeuka. Alijua akigeuka atalia, na alikuwa hana nguvu za kulia.

"Kwetu Sudi chombo cha mtu unayempenda kinapakwa mafuta," alisema. "Nilikipaka mara tatu. Nilikuwa naomba radhi kwa kukwambia usubiri. Sikujua chako kinataka kunata. Na uliponisema, nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kulikoniponza kuliko mafuta."

Likwata alikaa chini kwenye mchanga, na viatu vyake vya safari. "Siku zote hizi nimekaa mikorosho imenizunguka nikikuchukia," alisema. "Ni kazi ngumu, Mwahija. Siiwezi."

"Debora ameshaleta mtu mwingine kutoka Dar."

"Najua. Sina kazi."

"Sikukuuliza kazi."

Likwata alivua viatu, akaingia majini na ule ubao wa nta ya Nangurukuru. Alisimama. Alisimama wimbi zima mpaka pwani, na hapakuwa na mtazamaji ila mfuaji na mlinzi. Aliposhuka, ulimbo ulimng'oa nywele za mguu wa kulia, akachechemea, Mwahija akacheka mpaka akakaa.

Wazee wa Likwata walifika Rasbura kabla korosho hazijaanza kuokotwa. Kwa mwanamwali kunyamaza ndiyo ridhaa, lakini aliyekwisha olewa lazima atamke kwa mdomo wake. Baba mdogo alikuja kwenye pazia la chumba cha wanawake, akakohoa, akaanza, "Mwanangu Mwahija, amekuja mtu hapa anaitwa..."

"Ndiyo," Mwahija alisema.

Wanawake waliziba midomo kwa kanga. Baba mdogo alisema hajamaliza kuuliza. Mwahija alimjibu kwamba amalize tu, baba, yeye yuko palepale, kisha akaegemea ukuta, akanyoosha miguu yake yote miwili, na jina la bwana lilipotajwa alikuwa amekwisha lala.