Mume Wangu Alipata Misuli, Mimi Nikafukuzwa

"Toka kwa poma yangu! Umemaliza mtoto wangu!"

Sufuria ilipita karibu na sikio langu, ikagonga mlango wa zizi. Jamani, sufuria yenye uji wa moto!

Nilikuwa nimesimama uani, mvua inanyesha, nguo zangu zote ziko kwenye matope. Aliyezitupa ni mama mkwe wangu, Tecla, Mkalenjin ambaye kwake "boma" ni "poma" na "bwana" ni "pwana". Tulimwita Kogo, vile watoto wa huku Bomet huwaita nyanya zao.

"Kogo, nimefanya nini?"

"Unauliza? Angalia pwana yako!"

Kipkurui, mume wangu, alikuwa ameketi mlangoni bila shati. Shingo imejaa majipu. Mkanda wa jeshi umemzunguka mbavuni, malengelenge mekundu mpaka mgongoni.

Ninyi mliozaliwa juzi hamwezi kuelewa. Mwaka huo wa 1996, kijana akitokwa na mkanda wa jeshi, watu hawakuuliza swali. Walishajua ni ukimwi. Na walishajua nani ameuleta... mke!

"Kipkurui, sema kitu!"

Akainamisha kichwa.

"Basi nipeni mtoto wangu niende."

"Winny hatoki hapa! Wewe Bochaberi, enda ukufie kwenu Kisii!"

Winny alikuwa ananyonya bado. Nilitembea hadi barabarani maziwa yakinilowesha gauni, majirani wamejipanga kwenye ua wakinitazama kama sinema.

Kutoka siku hiyo nilitaka vitu viwili tu. Mtoto wangu, na jina langu.

Ngoja niwaambie Kipkurui alikuwa nani.

Alikuwa kibarua wa kiwanda cha majani chai. Mpole, mwembamba, ukimpuliza anaanguka. Kiwanda kilikuwa na timu ya kuvuta kamba, na habari zilienea kwamba wakishinda shamba jirani, wavutaji wote wataandikwa kazi ya kudumu. Walipochagua timu, Kipkurui aliachwa. Wakamwambia arudi akiwa amekula.

Alilia. Mwanaume mzima, alilia jikoni kwa mama yake.

Baada ya hapo, kila Jumapili tukitoka kanisani, yeye na Kogo waliingia jikoni wakafunga mlango.

"Mnafanya nini humo?" nikamuuliza.

"Mambo ya mama na mtoto. Hayakuhusu."

Nikacheka tu. Nilidhani anapewa maziwa ya mursik na nyama kwa siri!

Halafu mwili ukaja... Haki ya Mungu, shati la kanisa lilipasuka mgongoni tukiwa tumesimama kuimba. Shingo ikapotea. Timu ikamrudisha mbio na kumweka mwisho wa kamba, yule anayejifunga kamba mwilini. Wakashinda! Ndugu yangu Ongeri alikuwa upande wa pili, akaburutwa nyasi zikaingia mdomoni.

Kipkurui akaandikwa kazi. Tukashangilia.

Lakini nyumbani mambo yalibadilika. Hasira za bure, mlango kupigwa teke. Alikwaruzwa goti kwenye mashindano, kidonda kikakataa kupona. Mafua hayaishi. Majipu yakafuata, na mwisho ule mkanda. Na kila alipougua, Kogo alimwita jikoni.

Baada ya kufukuzwa nililala kwa Ongeri, nikaenda hospitali Kericho kupimwa. Kungoja majibu kuliniua mara mia.

"Mama, huna virusi," daktari akaniambia.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Mlete na mume wako."

Nilirudi Bomet siku hiyo hiyo. Uani kimya. Winny amelala kwenye kivuli cha ghala. Nilikuwa namwinamia nimbebe, nikasikia mtu akilia jikoni kwa Kogo.

Nikausukuma mlango.

Kipkurui alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka, suruali imeshushwa. Tako moja limevimba, linang'aa, joto lake nililisikia nikiwa nimesimama. Na Kogo juu yake ameshika sindano. Ile nene... ya ng'ombe wetu!

"Kogo! Unamdunga nini?"

"Namrudishia nguvu! Hii ndio ilimfanya mwanaume. Imepungua kwa mwili, ndio magonjwa yanamshika."

Nikamnyang'anya chupa. Kwenye karatasi yake kulikuwa na picha ya fahali.

"Hii ni dawa ya ng'ombe!"

"Na ng'ombe yangu si ilinenepa?"

Hivyo ndivyo alivyonijibu. Alinunua ile dawa kwa mchuuzi sokoni Merigi, amdunge ng'ombe wake aliyekonda. Ng'ombe akajaa nyama. Kisha akamtazama mwanawe anayelia.

"Kipkurui, mbona hukuniambia?"

"Mama alisema... utaambia Ongeri. Na wao wapate hiyo dawa."

Kamba! Nilitupwa kwenye matope, nikanyang'anywa mtoto, kwa sababu ya siri ya kuvuta kamba! Nilitamani kumpiga, lakini alikuwa anaungua kwa homa.

Tulimpeleka Kericho kwa trekta la majani. Wakampima kila kitu.

"Hana ukimwi," daktari akasema. "Dawa hizi za kujaza misuli zinaweza kuvuruga kinga ya mwili. Kwa kiasi gani, hata sisi bado tunajifunza. Lakini kipimo cha ng'ombe kwa mtu? Na sindano ya zizini? Uchafu umeshaingia kwenye damu, mama."

Kipkurui alinishika kidole. "Bocha, nisamehe." Alifariki kabla sijamjibu.

Njiani kurudi, Kogo alinishika gauni.

"Usiseme. Watasema nimeua mtoto wangu."

Nilimchukia, nisiwadanganye. Na bado Winny alikuwa mgongoni kwake.

Mazishini watu walisimama mbali na jeneza. Hakuna mwanamke aliyepokea chai kutoka mkononi mwangu. Pasta akauliza kama familia ina neno.

Kogo akasimama na Winny. Moyo ukaniambia, leo ananimaliza.

"Mnaogopa huyu msichana?" akasema. "Hana kitu. Hata Kipkurui hakuwa na huo ugonjwa. Ni mimi nilimdunga dawa ya ng'ombe. Ni huu mkono."

Akauinua mkono wa kulia, watu wote wauone. Kisha akaniwekea Winny mapajani, akaketi chini kwenye udongo.

Vijana wa jim mnaoniuliza inbox kuhusu "kitu kidogo cha kuongeza mwili"... hili ndilo jibu langu. Misuli mtaiona kwenye kioo. Kinga ikipotea hakuna kioo cha kuonyesha, na anayekupa chupa anaweza kuwa mtu anayekupenda kuliko wote.

Kogo niliishi naye mpaka alipozeeka akafa. Alimlea Winny vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini alimpakata kwa mkono wa kushoto tu, ule wa kulia ameuficha chini ya leso.