Njia Katikati ya Ukoka

Naitwa Mauza. Nauza mabuibui na manukato Kariakoo, upande wa Msimbazi. Duka linalofuata langu ni la Mzee Elimringi, Mchaga wa Machame, anayeuza vyombo vya plastiki kwa jumla. Sote tunaishi ghorofani, juu ya maduka yetu. Asubuhi mimi nafukiza udi, yeye anapanga ndoo na mabeseni, na tunataniana mpaka wateja wafike. Mimi namwita Mangi, yaani chifu wa Kichaga; yeye ananiita kwa jina la mwanangu.

"Mangi, umeamka salama? Nilidhani umehamia kwenu na ndoo zako."

"Bila moshi wako, Mama Anfal, ningelala mpaka saa nne."

Mwaka jana mke wake, Fortunata, alipata kiharusi. Sisi tunamwita Mama Allen. Alipata nafuu, lakini mguu wa kushoto ulibaki mzito. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimwambia, "Mama, tembea kila siku mahali tambarare. Usipotembea, mguu utakakamaa, na mwisho utabaki kitandani."

Sasa Kariakoo mgonjwa atatembea wapi? Kando ya barabara pamejaa bidhaa. Barabarani kuna pikipiki na mikokoteni. Hata sisi wazima tunapita kwa kukwepakwepa.

Nyuma ya jengo letu kuna kiwanja cha wazi, mali ya mtaa. Zamani watu walitupa taka pale. Mzee Elimringi alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akaomba ruhusa ya kupatengeneza, akapewa. Majirani tulizoa taka, tukapanda ukoka na miti michache ya kivuli. Mzee alijawa na furaha. Kila jioni alimshika mke wake mkono, wakashuka kutembea.

Lakini kiwanja kile kilikuwa pia njia ya mkato ya wabeba mizigo. Wao hupeleka marobota ya mitumba kwenye soko la Mchikichini. Walikatiza mshazari, kutoka kona hadi kona. Ukoka ukakanyagwa mpaka ukabaki udongo mtupu.

Mzee aliagiza miche ya masale kutoka Machame. Akaipanda kwa mstari, akaziba ile njia.

"Kwetu isale ni mpaka," aliniambia. "Mtu akilikuta, anageuka. Halivukwi."

"Mangi, hapa si Machame."

Hakunisikia. Kabla ya adhuhuri masale yote yalikuwa yamelala chini. Mbeba mizigo mmoja, Fikirini, mtu wa Kilwa, alisimama mbele ya Mzee akiwa na robota begani.

"Shikamoo, Mzee. Hayo majani ni dawa ya nini? Maana nimeyakanyaga, nisije nikadhurika."

Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi. Mzee hakucheka hata kidogo.

Alinunua seng'enge, akazungushia kiwanja chote. Akaweka geti na kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni. Wabeba mizigo wakalazimika kuzungukia barabarani, katikati ya magari, wakinung'unika. Ukoka ukaanza kuota tena, naye akaniringia.

Mama Allen aliingia mle siku chache tu, kisha akakataa kushuka.

"Baba Allen, humo nimefungiwa kama mbuzi wa Krismasi," alisema. "Nazunguka peke yangu, natazama seng'enge."

Halafu taka zikarudi. Watu walirusha mifuko juu ya seng'enge. Nani angewaona, wakati hakuna anayepita?

Mama Allen akawa anashinda kitini. Siku moja nilimpelekea uji, nikamkuta ameketi sakafuni karibu na mlango wa choo. Mguu ulikuwa umekataa, na kuinuka hakuweza. Nilimwinua. Niliogopa sana. Nampenda yule mama kama dada yangu. Niliona tunampoteza huku tukitunza majani.

Kesho yake nilimpigia simu Jacqueline, afisa mazingira wa kata yetu. Ni mteja wangu wa udi, na hana makuu. Alipofika, hakutaka kwanza kuingia kiwanjani. Alituomba mimi na Mzee tupande juu kabisa ya jengo, tunapoanika nguo.

"Shikamoo, Mzee," alisema. "Hebu tazama chini. Unaona nini?"

"Marahaba. Naona ukoka wangu," alijibu Mzee. "Na naona walivyouharibu pale katikati."

Kweli, ukoka ulikuwa umeota kila upande, isipokuwa mstari mmoja. Mstari ule ulitoka kona moja hadi nyingine, mtupu, umenyooka.

"Mimi naona njia," alisema Jacqueline. "Miguu ya watu imeshatuchorea. Pale udongo umeshindiliwa, hata ukipanda tena, majani hayatashika. Watu wana mizigo mizito, na mtu mwenye mzigo hutafuta njia fupi. Usipompa, ataikanyaga tu."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Wape njia hapo hapo wanapopita. Itengeneze vizuri, iwe na kingo. Wakiwa na njia nzuri, hawatakuwa na sababu ya kukanyaga kwingine. Na uondoe seng'enge. Mahali wanapopita watu wengi, mtupa taka anaona aibu. Mahali palipofungwa hapana macho."

Mzee alikunja uso. "Yaani niwape zawadi watu walioniharibia bustani?"

"Mzee, samahani nikuulize. Unataka bustani, au unataka kushinda?"

Mzee akageukia ngazi. Tulishuka mpaka sebuleni kwake. Mama Allen alikuwa kitini, na maneno yetu yalikuwa yamemfikia kupitia ngazi. Alizungumza taratibu, kwa sababu ulimi nao ulikuwa bado mzito.

"Baba Allen, maisha yangu yote nimekaa dukani naongea na watu. Ugonjwa umeninyima mguu. Wewe umeninyima watu. Sitaki bustani ya peke yangu. Nataka nitembee pale ninaposalimiwa."

 Mzee akavua ufunguo shingoni, akauweka mezani.

Jumapili mwenyekiti wa mtaa aliitisha kikao. Jacqueline alisisitiza wabeba mizigo waje, kwa sababu ndio wanaopita pale kuliko sisi wote. Fikirini akasimama.

"Njia iwe pana, tuweze kupishana. Na kama inawezekana, mtuwekee benchi refu, la usawa wa kifua. Mtu atue robota apumue, bila kuinama na bila kuomba msaada."

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria jambo hilo.

Kazi ilianza kwa kung'oa seng'enge. Mzee alitaka kumwaga zege, Jacqueline akamzuia.

"Maji ya mvua yanahitaji pa kuzama," alieleza. "Tukifunika kila mahali kwa zege, maji yote yanakimbilia bondeni, na Jangwani mnakujua kunavyofurika. Tandazeni mchanga, juu yake mpange vitofali vya saruji, mkiacha nafasi ndogondogo. Ukoka nao utanyonya maji."

Wafanyabiashara tulichangia vitofali na mchanga. Wabeba mizigo walivibeba na kuvipanga. Tukalima ule udongo ulioshindiliwa pembeni ili majani yashike. Tukatengeneza na njia ya pili, ya kuzunguka kiwanja, yenye bomba la kushikilia kwa wazee na wagonjwa. Mapipa ya taka tuliyaweka kwenye kona watu wanapoingilia, na mwenyekiti akapanga na wazoa taka wayamwage kila siku. Kumwagilia tukapokezana, duka baada ya duka.

Masika yalipita, na maji hayakutuama kiwanjani. Ukoka ulifunika kila mahali nje ya njia. Mchana watu hula chakula chao kivulini. Anayetupa mfuko ovyo husemwa na wabeba mizigo wenyewe, na wao hawasemi kwa upole.

Mama Allen alianza na bomba. Alizunguka polepole, mimi pembeni yake. Baadaye akawa anafika kwenye lile benchi refu, anaegemea, anapiga soga na wabeba mizigo. Alijua ya Kilwa, alijua nani ameoa, alijua nani anadai talaka. Ulimi ulifunguka kabla ya mguu. Kisha na mguu ukapata nguvu, Alhamdulillahi.

Juzi asubuhi aliniambia, "Leo nakatiza."

Aliianza ile njia ya katikati, bila bomba na bila mkono wangu. Fikirini na wenzake walikuwa wanakuja na marobota. Walimwona, wakasimama kwenye kona, mizigo ikiwa begani. Hakuna aliyemharakisha. Mzee Elimringi alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono ameinyoosha kumdaka mke wake, uso umejaa hofu.

Mama Allen alimfikia, akasimama.

"Toka njiani, Baba Allen," alisema. "Wenye mizigo wanasubiri."

Mzee alisogea pembeni, akakanyaga ukoka wake mwenyewe kwa viatu vyote viwili, na Mama Allen akapita.